Usimtishe mtoto kwa sindano

“Ukikosa kunyamaza, nitamwita daktari akudunge sindano!” Ni nani kati yetu asiyewahi kuisikia kauli hii, ndani ya matatu, dukani au sebuleni mwa jirani? Mtoto hunyamaza mara moja, na mzazi hudhani amefaulu. Kumbe amepanda mbegu itakayoota siku mtoto huyo atakapougua kweli kweli na kuhitaji mkono wa yule yule aliyefanywa kuwa zimwi.

Wiki hii, ndugu msomaji, tutajifunza juu ya hofu ya mtoto mgonjwa: inatoka wapi, ina madhara gani, na jinsi muuguzi mwenye huruma anavyoweza kuituliza. Tutaona pia kazi ambayo mzazi anapaswa kuifanya kabla hajafika kwenye mlango wa kliniki, kwani muuguzi hawezi kuijenga peke yake nyumba ambayo mzazi anaibomoa.

HOFU SI UTUNDU

Mtoto anayepiga mayowe na kurusha mateke hospitalini hana adabu mbaya. Mwili wake unafanya kile ambacho mwili wa kiumbe chochote hufanya kinapoona hatari. Moyo huenda mbio, misuli hukakamaa na masikio hufunga. Katika hali hiyo hata maneno mazuri hayaingii. Tena msuli uliokakamaa huuma zaidi unapodungwa kuliko msuli uliolegea, kwa hivyo hofu huongeza maumivu, na maumivu hayo huongeza hofu ya safari ijayo. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Kwa miaka mingi hata wataalamu walilidharau jambo hili. Hadi miaka ya 1980, madaktari wengi duniani waliamini kwamba mtoto mchanga hasikii maumivu kama mtu mzima, na baadhi ya vichanga walipasuliwa wakiwa wamepewa dawa kidogo mno ya kutuliza maumivu. Mwaka 1987, K. J. S. Anand na mwenzake P. R. Hickey walichapisha makala iliyokusanya ushahidi kwamba mtoto mchanga husikia maumivu sawasawa, na kwamba mwili wake huathirika yasipotulizwa. Mawazo yakaanza kubadilika.

Kabla ya hapo, mwaka 1952, Mskoti James Robertson alitengeneza filamu iliyomwonyesha mtoto wa miaka miwili akiwa amelazwa hospitalini bila mama yake. Wakati huo hospitali nyingi za Uingereza ziliwaruhusu wazazi kuwaona watoto wao kwa nadra tu, kwa kuwa mtoto alilia mzazi alipoondoka. Robertson alionyesha kwamba mtoto aliyenyamaza hakuwa ametulia, bali alikuwa amekata tamaa. Mwaka 1959 ripoti ya kamati ya Platt ilipendekeza wazazi waruhusiwe kuwatembelea watoto wao wakati wowote, na mama alale na mtoto wake inapowezekana. Kwetu Kenya, mama anayelala na mtoto wodini ni jambo la kawaida. Wengi hudhani yuko pale kwa ajili ya kufua na kulisha tu, kumbe yeye mwenyewe ni sehemu ya tiba.

KILA UMRI NA HOFU YAKE

Muuguzi mzoefu hamtulizi mtoto wa mwaka mmoja kama anavyomtuliza wa miaka kumi. Kila umri una lake.

Kuanzia miezi 6 hadi 8 hivi, mtoto huanza kuwatambua wageni na kuwaogopa. Hofu yake kubwa, hadi afikishe miaka 3, ni kutenganishwa na mama au anayemlea. Hapa dawa ya kwanza ni kifua cha mzazi.

Kati ya miaka 3 na 6, mtoto huchanganya mawazo yake na mambo ya kweli. Anaweza kuamini kwamba ameugua kwa sababu alimpiga mdogo wake au alikataa kula. Sindano kwake ni adhabu. Wengine hudhani kwamba ngozi ikitobolewa, damu yote itamwagika mwilini kama maji yanayotoka kwenye mtungi uliotoboka. Ndiyo maana mtoto wa umri huu huipenda sana plasta, hata pale ambapo jeraha halionekani.

Kuanzia miaka 7, mtoto huanza kuuliza maswali: nitafanywa nini, kwa nini, na itachukua muda gani? Huyu anahitaji majibu. Naye kijana anayebaleghe huogopa aibu. Hataki kuvuliwa nguo mbele ya watu, wala hataki kuonekana akilia.

TWENDE KIRITIRI

Hebu tuchukue mfano wa kujifunzia. Kiritiri ni mji mdogo wa soko katika Mbeere Kusini, kaunti ya Embu, kwenye barabara iendayo kwenye mabwawa ya Kamburu na Masinga. Ni sehemu ya joto kuliko Nairobi, nchi ya mbuzi, ndengu na kunde, na malaria haikosekani, hasa baada ya mvua. Msomaji wa mjini huenda unaifahamu kwa sababu moja: shule zikifungwa, watoto wengi hupelekwa huko kwa nyanya zao.

Mfikirie msichana wa miaka 6, mzaliwa wa Nairobi, aliyekaa kwa nyanya yake wiki mbili. Mtoto aliyekulia Nairobi, mahali ambapo malaria si nyingi, hana kinga ya ugonjwa huo, kwa hivyo homa ikimpata inaweza kuwa kali upesi. Sasa ana joto mwilini, anatetemeka na hataki chakula. Nyanya amemleta kwenye kituo cha afya asubuhi. Njiani mtoto amelia, na nyanya, kwa kuchoka, amemwambia, “Usiponyamaza nitamwambia sista akudunge.”

Wanapoingia chumbani mtoto anajificha nyuma ya leso ya nyanya yake. Tumtazame muuguzi.

Kwanza, hasimami wima juu ya mtoto. Anaketi, macho yake yakawa usawa na ya mtoto. Anamsalimu nyanya kwa heshima, wala hana haraka ya kumgusa mtoto. Mtoto huyasoma mambo haya: akimwona nyanya yake akiongea na mtu huyu kwa amani, anaanza kuamini kwamba si adui.

Kisha anamuuliza mtoto jambo analolijua. “Nyanya ana mbuzi wangapi?” Kimya. “Watano?” Mtoto anatikisa kichwa. “Basi ni wawili tu?” Mtoto hawezi kuvumilia kosa hilo. “Ni saba, na mmoja ana mtoto!” Mlango umefunguka.

Sasa muuguzi anasema ukweli. “Nataka kujua kama una malaria. Nitakudonoa kidole kidogo, nichukue tone moja la damu. Utasikia kama umechomwa na mwiba, halafu kutaisha.” Mtoto anauliza kwa sauti ya chini, “Damu yangu haitaisha?”

Msomaji, hilo ndilo swali lililokuwa limejificha nyuma ya kilio chote. Hakuogopa sindano tu, aliogopa kufa. Mtu anayemkemea mtoto anyamaze halisikii kamwe. Muuguzi anamjibu kwamba damu yake ingejaza chupa kubwa ya maji na kuzidi, na kwamba tone hilo mwili utalirudisha. Hamdanganyi. Mtu ana takriban mililita 75 za damu kwa kila kilo ya uzito wake, kwa hivyo mtoto wa kilo 20 ana karibu lita moja na nusu.

“Unataka kidole gani?” Mtoto anachagua mkono wa kushoto. “Nikidonoa, puliza kama unayepoza uji wa moto.” Mtoto anapuliza, tone linatoka na pamba inawekwa. Machozi mawili matatu, basi.

Wakisubiri majibu, ambayo kwa kipimo cha haraka huchukua kama dakika 15 hadi 20, muuguzi anamuuliza nyanya kama mtoto hutapika. “Hapana, sista.” Lakini mtoto anamtazama muuguzi, kisha anasema, “Mimi hutapika. Usiku nilitapika mara nyingi. Asubuhi nikatapika uji nyuma ya nyumba.” Kwa nini hakusema? “Nilidhani nikisema nitadungwa.”

Hapa ndipo somo letu lilipo. Malaria ikithibitishwa, na mtoto akawa anaweza kumeza dawa, kwa kawaida hutibiwa kwa vidonge vya AL bila sindano yoyote. Lakini mtoto anayetapika kila anachomeza hawezi kutegemea vidonge. Hiyo ni dalili ya hatari. Muuguzi asiyeijua siri hiyo angempa vidonge na kumruhusu aende nyumbani, na vidonge vingeishia nyuma ya nyumba pamoja na uji. Usiku wa pili huenda ungekuwa mbaya kuliko wa kwanza.

Tazama basi tulipofika: mtoto aliyeogopa sindano sasa anaihitaji kweli. Dawa ya artesuneti, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2011 kwa watoto wa Afrika wenye malaria kali, hudungwa. Muuguzi mwoga angesema, “Hakuna sindano, mama, ni dawa tu.” Huyu anasema, “Umenisaidia sana kuniambia. Kwa sababu tumbo linakataa dawa, tutaipitisha mkononi. Itauma kidogo. Utadungwa sasa, tena jioni, tena kesho asubuhi. Nyanya atakupakata kila mara. Kulia unaruhusiwa, ila mkono usiondoke.” Mtoto atalia. Lakini jioni muuguzi atakapokuja, mtoto atajua anakuja kufanya nini, na atajua kwamba mtu huyu hasemi uongo.

MANENO YANAYOPONYA NA MANENO YANAYOUMIZA

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kupunguza maumivu wakati wa chanjo. Mengi katika mwongozo huo hayagharimu hata senti moja, na mzazi anaweza kuyafanya.

Usiseme “haitauma.” Ni uongo, na mtoto ataugundua baada ya sekunde moja; tangu hapo hatakuamini wewe wala muuguzi. Wala usiseme “sasa uchungu unakuja!” kwa sauti ya kutisha. Maneno ya wastani yanatosha: “Tuko tayari. Moja, mbili, tatu.”

Usiseme “mtoto mkubwa halii.” Kulia si kosa. Mwambie kazi yake ni moja tu, kuutuliza mkono au mguu.

Usimcheke, wala usimlinganishe na dada yake aliyenyamaza.

Usimwombe msamaha tena na tena. Mtoto anayemwona mama yake akitetemeka hukata shauri kwamba kuna jambo baya sana linalokuja.

Usitoroke. Kuna wazazi wanaoteleza nje mtoto akigeuka, ili “wasione.” Mtoto akigeuka tena asipokuona, sindano inakuwa jambo dogo kuliko kuachwa.

NAMNA YA KUMSHIKA

Sote tumewahi kuona mtoto amelazwa chali kitandani, mmoja ameshika miguu, mwingine mikono na wa tatu kichwa. Kulazwa chali na kubanwa na watu wazima humtisha mtoto kuliko sindano yenyewe. Tena ni hatari: mtoto akijinyonga ghafla sindano inaweza kumkwaruza, au ikamdunga muuguzi na kumwambukiza magonjwa ya damu.

Mpakate. Mtoto mdogo akae mapajani mwako, kifua chake kikiegemea kifua chako au ubavu wako. Mkono wako mmoja uzunguke mwili wake. Mwingine ushike kwa upole lakini imara kiungo kitakachodungwa. Miguu yake iwe katikati ya mapaja yako. Kwake hilo ni kukumbatiwa, na kwa muuguzi ni mtoto asiyetikisika. Mtoto mkubwa na aketi mwenyewe, wewe ukiwa kando yake.

Kwa mtoto anayenyonya, mnyonyeshe kabla kidogo au wakati wenyewe wa kudungwa. Maziwa, joto la mwili na kunyonya kwenyewe humtuliza. Hili ni la manufaa hasa katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14, ambapo mtoto wa Kenya hupata chanjo zaidi ya moja kwa siku. Chanjo za matone hutangulia, na kati ya sindano, ile inayouma zaidi huachwa iwe ya mwisho.

Usimpe mtoto dawa ya kupunguza maumivu kabla ya chanjo kwa kubahatisha. Shirika la Afya Duniani halipendekezi jambo hilo. Akipata homa baadaye, fuata maagizo ya muuguzi kuhusu kipimo.

WALE WANAOZIRAI

Kuna watu ambao wakiona sindano au damu, kwanza moyo hupiga kasi, halafu ghafla msukumo wa damu hushuka na wao huanguka. Hii huonekana zaidi kwa vijana kuliko kwa watoto wadogo. Ni muhimu tuikumbuke kwa sababu tangu Oktoba 2019 wasichana wa Kenya kuanzia miaka 10 wamekuwa wakipewa chanjo ya HPV inayokinga saratani ya mlango wa kizazi. Mmoja akizirai shuleni, wenzake kumi waliopanga foleni huanza kusikia kizunguzungu.

Dawa yake ni rahisi. Msichana adungwe akiwa ameketi au amelala, na mahali ambapo foleni haimwoni. Akae dakika 15 kabla ya kuondoka. Anayejijua kwamba huzirai anaweza kufundishwa njia iliyobuniwa na mtaalamu wa Sweden, Lars-Göran Öst: akaze misuli ya miguu, tumbo na mkono usiodungwa kwa sekunde 10 hadi 15, alegeze kidogo, kisha arudie. Kukaza huko huzuia msukumo wa damu usishuke.

“LAKINI MUUGUZI HANA WAKATI”

Utasema, foleni ni ndefu na wauguzi ni wachache. Ni kweli. Lakini yule muuguzi wa mfano wetu alitumia dakika chache tu kuwahesabu mbuzi. Kupigana na mtoto huchukua muda zaidi, huhitaji mikono zaidi, na hatimaye foleni nzima ya watoto nje huanza kulia kwa kusikia mayowe. Upole, ukiuhesabu kwa saa, si anasa.

Nawe mzazi unaweza kumpunguzia muuguzi kazi. Mweleze kwa kifupi: “Huyu anaogopa damu,” au “Alipolazwa mwaka jana alishikwa kwa nguvu.” Muulize, “Naweza kumpakata?” Wengi watakubali kwa furaha. Na usidai sindano pale ambapo haihitajiki. Bado tuna mazoea ya kudhani kwamba aliyepewa vidonge pekee hakutibiwa. Penye dawa ya kumeza inayofanya kazi, hiyo ndiyo bora kwa mtoto.

MAMBO YA KUSHIKA

Kabla ya kwenda: Mwambie mtoto mnakokwenda na sababu yake. Aliye chini ya miaka 4 mwambie siku hiyo hiyo. Mkubwa mwambie siku moja mbele. Mwache acheze udaktari nyumbani, amtibu mwanasesere wake kwa kipande cha pamba. Beba kitu akipendacho, pamoja na kijitabu chake cha kliniki.

Mkiwa huko: Mpakate, sema kweli, mpe nafasi ya kuchagua jambo dogo, mpulizishe hewa au mhesabu pamoja. Usiwe wewe wa kwanza kutetemeka.

Mkirudi: Msifu kwa alichofanya, si kwa kutolia. “Uliutuliza mkono wako vizuri.” Mwache ausimulie mkasa wake kwa baba, kwa jirani, kwa yeyote atakayesikiliza, katika kuusimulia ndipo unapopungua makali.

Jambo moja lisisubiri somo lolote. Mtoto mwenye homa ambaye anatapika kila kitu, hawezi kunywa wala kunyonya, amepata degedege, anahema kwa shida, au amelegea na haamki vizuri, mkimbize hospitalini papo hapo, akilia au asilie.

Na ikiwa likizo hii mtoto wako yuko kwa nyanya yake Kiritiri, Siakago au kwingineko, mpigie nyanya simu leo. Mwambie mambo mawili: mtoto alale ndani ya neti, na asitishwe kwa sindano. Kisha omba uzungumze na mtoto mwenyewe, umwambie kwamba akisikia vibaya, usiku au mchana, aseme, wala hakuna atakayemwadhibu kwa kuugua.